Mercedes ya Zamani Bunia: Itunzwe, Iuzwe au Ikatwe?

Hoja iliyo mezani ni hii. Katika kiwanja kimoja cha Bunia limesimama gari kubwa la kifahari, Mercedes-Benz 280 SE ya mwaka 1977, usukani kushoto, vumbi jekundu limepanda hadi kwenye vioo. Baba aliyelinunua amefariki na watoto wake wamegawanyika. Mmoja anataka likatwe, vipuri viuzwe. Wa pili amesikia kwamba Ulaya kuna watu wanaoyatafuta magari kama hayo na kuyalipia vizuri. Wa tatu anataka tu uwanja ubaki wazi, ajenge vyumba vya kupangisha. Lifanyweje?

Gari hilo ni la mfano, na wasemaji nimewapanga mimi mwenyewe, maana majina ya watu si kitu cha kuchezea katika mji wetu. Lakini miaka, viwanda na watawala watakaotajwa humu si wa kubuni. Wasemaji ni watano: mzee aliyekuwa shofa enzi za Zaire, fundi wa garaji, mama mfanyabiashara anayepitia Mahagi kwenda Kampala kununua bidhaa, mwalimu wa historia, na kijana wa chuo kikuu ambaye simu yake imejaa picha za magari. Pale nitakaposhindwa kunyamaza, nitaingilia.

MZEE: Nianze mimi, kwa ruhusa yenu, kwa sababu nyinyi mnalizungumza gari hilo kama mnavyoliona leo. Siku hizi mkubwa akipita Boulevard de Libération amekaa juu kwenye jeep, mnayaona matairi kuliko mnavyomwona yeye. Zamani ukubwa wa gari ulikuwa urefu na ukimya. Lilikuwa refu, limelala chini, na likikupita ulisikia kokoto zikikanyagwa kabla hujausikia mtambo. Patron alikaa nyuma, upande wa kulia. Mimi mbele, kushoto. Nikishika breki, kazi yangu ilikuwa yeye asijue kwamba nimeshika breki. Kama alikuwa anasoma karatasi zake, asome. Kama amelala, alale.

KIJANA: Na hilo, papa, ndilo gari lililoanzisha jina lenyewe. Mercedes walitengeneza magari makubwa tangu zamani, lakini kizazi kilichotoka mwaka 1972, wao wanakiita W116, ndicho cha kwanza kuitwa rasmi S-Klasse. Kiliendelea hadi 1980. Mwaka 1978 kikaanza kuwekewa breki za ABS zilizotengenezwa pamoja na kampuni ya Bosch: unakanyaga kwa nguvu zako zote, matairi hayakwami, na usukani unaendelea kukutii.

FUNDI: La 1977 halina.

KIJANA: Najua, yaya. Nasema tu kizazi chake.

MAMA: Mimi swali langu ni fupi. Mtu wa Bunia alipata wapi makuta ya kununulia kitu kama hicho?

MZEE: Kahawa, mama. Patron wangu alikuwa mtu wa kahawa.

MWALIMU: Hapo mzee ametaja jambo kubwa kwa neno moja, naomba nilifungue. Mwezi wa saba mwaka 1975 baridi kali iliangukia mashamba ya Brazil, katika jimbo la Paraná, ikaua mikahawa kwa mamilioni. Kahawa ikaadimika duniani, bei ikapanda na kupanda hadi 1977. Mkulima wa Ituri hakujua Paraná ni wapi, lakini mnunuzi aliyefika kwake na mizani alijua. Kahawa ya huku ilikuwa ikivuka mpaka na ziwa usiku, ikifuata bei popote ilipokuwa. Sasa ongeza jambo la pili. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatakuwa mikononi mwa Wazairwa. Wazairwa gani? Wengi wao walikuwa wale waliokuwa karibu na chama na utawala. Walipewa maduka, mashamba, maghala. Kwa hiyo gari lenu la 1977 lina wazazi wawili: baridi ya Brazil na amri ya Kinshasa. Mchuma kahawa hayumo.

(Ningeweza kumwacha mwalimu aendelee, lakini niseme kwamba kwangu huu ndio urithi wa kwanza wa gari hilo. Anayelitazama kama chuma cha Stuttgart peke yake ameacha nje nusu ya habari zake, na nusu hiyo iliandikwa kwenye mashamba yetu.)

KIJANA: Mwalimu, unalihukumu gari kwa sababu ya waliolipanda.

MWALIMU: Nalihukumu kwa sababu lilitengenezwa kwa ajili yao. Chukua kaka yake mkubwa, Mercedes 600. Lilitengenezwa kuanzia 1963 hadi 1981, na katika miaka yote hiyo yalitoka 2,677 tu. Lile fupi lina mita tano na nusu. Lile refu, Pullman, linapita mita sita. Injini ya lita 6.3, silinda nane. Vioo, viti, hata kifuniko cha buti vilisukumwa na mafuta yenye shinikizo, kwa sababu mota za umeme zingetoa mlio na bwana mkubwa asingependa kelele. Sasa soma orodha ya waliokuwa nalo: Tito, Ceaușescu, Mobutu wetu. Wamo wanamuziki kama John Lennon na Elvis Presley, sawa, lakini mtu wa kawaida humo humpati. Huko Kenya na Tanzania watu walishawapa jina la kabila watawala wa namna hiyo: Wabenzi.

MAMA: Na huku walikuwepo, hata bila jina.

MWALIMU: Ndiyo maana kiongozi aliyetaka kuonyesha kwamba mambo yamebadilika alianza na gereji ya serikali. Thomas Sankara alipochukua madaraka huko Burkina Faso mwaka 1983 aliziuza Mercedes za serikali na kuwapandisha mawaziri Renault 5. Mwaka 2009 waziri wa fedha wa Kenya, wakati huo Uhuru Kenyatta, aliwaambia mawaziri wenzake warudishe magari makubwa wachukue Volkswagen Passat. Na ukitaka kuona gari linavyoweza kumhukumu mtu, tazama Addis Ababa tarehe 12 Septemba 1974. Haile Selassie, mfalme aliyekuwa na magari ya kifahari ya kila aina, alipoondolewa madarakani maofisa walimtoa kwenye jumba lake kwa Volkswagen ndogo, ile ya mgongo wa duara. Walijua wanachokifanya.

MZEE: Mwalimu, nimekusikiliza kwa heshima. Umemtaja mwenye gari, umemtaja mchuma kahawa. Shofa umemruka.

MWALIMU: Sema, mzee.

MZEE: Yule patron hakujua maji ya gari lake yanaangaliwa wapi. Hakujua mlio wake ukibadilika. Aliyelijua ni mimi, na fundi, baba yake huyu fundi. Barabara ya kwenda Komanda wakati wa mvua niliipita na gari hilo lililolala chini, na patron ndani na viatu vyake vyeupe. Unaingia kwenye tope kwa gia ya pili, mguu hautikisiki kwenye petroli, huongezi wala hupunguzi, na macho yako yako mita hamsini mbele, unatafuta pale lori lililokutangulia lilipokanyaga. Ukitetereka, mnalala hapo. Mnaniambia gari hilo ni la Mobutu. Siku mia kati ya mia lilikuwa mikononi mwangu.

KIJANA: Papa hasemi uongo kuhusu tope. Watu wanadhani magari hayo yalikuwa ya lami tu. Safari Rally ya Afrika Mashariki, ile iliyoanza mwaka 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, mwaka 1959 na 1960 washindi wake walikuwa Bill Fritschy na Jack Ellis wakiendesha Mercedes 219, gari la milango minne. Mwaka 1961 ikashinda tena Mercedes, safari hii 220 SE ya John Manussis. Baadaye ndipo zikaja zama za Peugeot 404, iliyoshinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968.

MZEE: Umeona?

KIJANA: Na teksi moja ya Ugiriki, Mercedes 240 D ya 1976, ilitembea kilomita milioni 4.6 mikononi mwa dereva wa Thessaloniki, Gregorios Sachinidis. Mwaka 2004 aliitoa kwa kampuni yenyewe, ikawekwa kwenye makumbusho yao.

MAMA: Milioni nne! Alikuwa anakula saa ngapi?

FUNDI: Hiyo ni dizeli, mama, na ni gari la kazi. Ya kwetu ni petroli na ni gari la starehe. Msizichanganye.

Hapa fundi alisogeza kiti chake. Tangu mwanzo alikuwa kama mtu anayesubiri watu wamalize siasa ili gari lenyewe lizungumzwe, na kusema kweli mimi pia nilikuwa namsubiri.

FUNDI: Nisikilizeni. Herufi ile E nyuma ya namba ndiyo ugonjwa wote. 280 SE maana yake petroli inaingia kwa sindano, si kwa kabureta. Mfumo wa hilo la 1977 unaitwa K-Jetronic, wa Bosch, hauna kompyuta, ni hewa na chuma tu. Ndani yake kuna kigawanyio cha petroli chenye mipasuo midogo sana, upana wake ni milimita 0.2. Kila silinda inalishwa kupitia mpasuo wake. Sasa nenda pale kona, nunua petroli ya kadhafi, muuzaji wa barabarani, kwenye bidoni, ambayo imevuka mpaka, imemiminwa mara tano, imekaa chini ya jua, ina maji kidogo na mchanga kidogo. Moto ya wamotari itaikohoa na kuendelea na safari. Mpasuo wa milimita 0.2 hauendelei. Unaziba, gari linaanza kuruka-ruka, mwenye gari anamwita fundi, fundi asiyejua anafungua kigawanyio kwa bisibisi. Siku hiyo limekufa.

KIJANA: Kwa hiyo watu walifanya nini?

FUNDI: Wenye akili waliongeza chujio mbili na wakachuja petroli kwa kitambaa kabla ya kumimina. Wengine walitoa mfumo mzima wakaweka kabureta. Na hapo nataka wanaojiita wapenzi wa asili wanisikie vizuri: kiwanda chenyewe kiliuza 280 S bila E, injini ileile ya silinda sita na kemshafti mbili, ikiwa na kabureta. Fundi aliyefanya hivyo hakuharibu gari. Alilirudisha kwa ndugu yake.

KIJANA: Lakini hilo la kwenye hoja limewekwa injini ya Toyota.

FUNDI: Limewekwa, mdogo wangu. Miaka ile Mercedes yote ilikuwa imekwisha kazi, mwenye gari anataka kutembea, na injini ya Toyota inapatikana Kampala pale soko la Kisekka kila siku ya Mungu. Nimekata vikalio, nimechomelea vipya, nimeunganisha shafti. Lilitembea. Sioni haya. Na kabla ya hapo kuna mambo mnayasahau. Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka na mji ukawa unagombaniwa, gari lenye magurudumu halikuwa lako. Wenye magari walitoa matairi, wakatoa betri, wakatoa rota ya delko wakaificha kwenye unga. Gari la kifahari likalala juu ya matofali likionekana takataka, na ndiyo sababu bado lipo. Mazima yaliondoka na wenye silaha. Sasa mtu wa Ulaya aje aniambie halina thamani kwa sababu boliti si za kiwandani?

MZEE: Atakwambia hivyo.

KIJANA: Atakwambia, yaya, na ana hoja yake. Wakusanyaji wa magari ya zamani wanaanza na kibati kilicho chini ya kapo. Namba ya chasi ya 280 SE ya kizazi hicho inaanza na 116.024. Kinachofuata ni tarakimu mbili. Ya kwanza ikiwa 1, gari lilitoka kiwandani na usukani kushoto; ikiwa 2, usukani kulia. Ya pili ikiwa 0, gia ni za mkono. Ikiwa 2, ni otomatiki. Kiwanda kilihifadhi kumbukumbu ya kila gari: namba ya injini, rangi, vifaa vilivyoagizwa. Namba ya injini iliyomo ikilingana na ya kwenye kumbukumbu, bei inapanda. Isipolingana, inashuka. Ikiwa ya Toyota, hata hawapigi simu.

FUNDI: Injini yake ya asili ninayo.

KIJANA: Unayo?

FUNDI: Ipo nyuma ya garaji, imefunikwa turubai. Nani atatupa chuma kama kile?

MAMA: Basi sasa tuongee pesa, maana tangu asubuhi mnaongea mapenzi. Mimi navuka mpaka, najua bei ya kusafirisha vitu. Toka Bunia hadi bandari ya Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,500. Gari halitembei, lazima lipande lori. Mahagi kuna karatasi, ng'ambo ya Goli kuna karatasi nyingine, Malaba nyingine, bandarini nyingine. Kabla halijaiona bahari limeshakula bei yake. Na huko liendako, Ujerumani, hawana magari ya namna hiyo?

KIJANA: Wanayo. Hilo ni kweli, mama. Lile adimu la kizazi hicho ni 450 SEL 6.9, yalitoka 7,380. Hili la 280 ni la kawaida kwao. Na kizazi kilichofuata, W126, cha kuanzia 1979 hadi 1991, yalitengenezwa zaidi ya 818,000. Mjerumani akitaka S-Klasse ya zamani anaipata jirani kwake, safi, na karatasi zake zote.

MAMA: Kwa hiyo yule mtoto wa pili anaota.

KIJANA: Anaota kidogo.

MAMA: Nami nawaambia la kufanya. Viti vya ngozi viondolewe viuzwe. Milango, taa, grili na ile nyota ya mbele, viende Kampala. Chuma kilichobaki kiende kwa wanaonunua chuma chakavu. Vyumba vijengwe. Pesa ya mpangaji mmoja inalipa karo ya shule; gari kwenye matofali linalipa nini? Tangu lini vumbi limelipa karo?

MZEE: Mama, wewe unapanda gari gani kwenda Mahagi?

MAMA: Toyota, kama watu wote.

MZEE: Usukani upande gani?

MAMA: Kulia. Yametoka Uganda, yatakuwaje?

MZEE: Na nchi yetu inaendesha upande gani wa barabara?

MAMA: (anacheka) Kulia. Haya, nimekuelewa. Dereva akitaka kulipita lori anamuuliza abiria wa mbele kama njia ni nyeupe. Juzi aliniuliza mimi, na mimi nilikuwa nimesinzia.

MZEE: Gari hilo liliagizwa kwa ajili ya nchi hii. Usukani wake uko panapostahili. Nilipokuwa nalipita lori niliona barabara kwa macho yangu mwenyewe.

(Niongeze kwa mkono wangu: mzee ana haki kuliko anavyojua. Ile tarakimu moja kwenye kibati inaweza kusema gari lilitengenezwa kwa ajili ya nchi inayoendesha kulia, kama Zaire, au kwa ajili ya nchi inayoendesha kushoto kisha likavuka kuja kwetu baadaye. Ni ushahidi wa njia ambayo gari lilipitia kufika Bunia, na haufutiki hata rangi ikipakwa mara kumi.)

MWALIMU: Nirudi kidogo. Sijasema likatwe. Nilichosema ni kwamba tusilisugue likang'aa halafu tukasahau. Likirudishwa kama lilivyotoka kiwandani, rangi mpya, ngozi mpya, litasema nini? Litasema mwaka 1977 ulikuwa mwaka mzuri. Kwa nani?

KIJANA: Lakini Nairobi wanafanya hivyo kila mwaka na hakuna aliyekufa. Kuna mashindano yao ya magari maridadi yanayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo tangu 1970, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Majaji wanakagua hadi chini ya gari. Kijana wa kwetu akipeleka Mercedes ya Bunia pale, itakuwa sifa kwa Ituri nzima.

FUNDI: Itakuwa ya mwisho. Nami sitaki gari lililopitia yote hayo liitwe la mwisho kwa sababu ya vumbi chini ya tumbo.

MWALIMU: Kuna mfano mwingine ulio bora kuliko huo. Nenda Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kuna Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza, na baada ya uhuru ikatumiwa na Mwalimu Nyerere. Mtu yuleyule wa Azimio la Arusha la 1967, aliyewakataza viongozi kujilimbikizia mali, naye alikaa kwenye kiti cha gavana. Hawakuificha, hawakuiuza. Wameiweka hapo, watoto wa shule wanaitazama na kuuliza maswali. Mimi ningependa maswali kama hayo yaulizwe Bunia.

KIJANA: Sasa umesema kama mkusanyaji, mwalimu.

MWALIMU: Nimesema kama mwalimu wa historia.

KIJANA: Leo ni karibu kitu kimoja. Hata Ulaya wapo wakusanyaji waliochoka na magari yaliyopakwa upya. Wanatafuta gari lisiloguswa, lenye rangi yake iliyofifia, kiti kilichochanika pale tajiri alipozoea kukaa, daftari la safari kwenye kisanduku cha mbele. Wanataka kujua lilikuwa la nani na lilipita wapi. Habari za kweli, zenye uthibitisho.

MAMA: Na uthibitisho wa hilo letu uko wapi? Karatasi za nyumba ngapi zimeungua mjini hapa?

Hakuna aliyemjibu. Kwa kuwa mjadala nimeuitisha mimi, nitamjibu mimi.

Mama ameshinda hoja ya pesa, na sioni wa kumpinga. Gari hilo, kama gari, halitamtajirisha mtu yeyote wa familia ile. Mnunuzi wa Munich hana sababu ya kulipia lori la kutoka Ituri ili apate kitu kilichopo mtaani kwake. Mwalimu naye ameshinda hoja yake: anasa ile ilikuwa na bei, na waliolipa hawakupanda. Lakini wote wawili wamesema jambo lilelile bila kujua. Kinachoweza kulitofautisha gari hilo na mengine yote ya aina yake ni yale yaliyolipata hapa: kahawa ya 1977, tope la Komanda, matofali ya 2003, kabureta ya kuazima, injini ya Kisekka. Ondoa hayo, umebaki na chuma cha zamani kilichochoka. Yaache, na yawe na ushahidi, basi lipo moja tu duniani.

Ushahidi wa karatasi, kama mama alivyosema, kwa sehemu kubwa umepotea. Ushahidi uliobaki umo vichwani mwa watu wawili waliokaa kwenye mjadala huu na ambao hawajawahi kuulizwa: shofa na fundi. Wakusanyaji wa dunia wanapoandika historia ya gari wanaandika majina ya wamiliki, mmoja baada ya mwingine. Kwetu orodha hiyo haitoshi. Mmiliki alisoma karatasi kwenye kiti cha nyuma. Anayejua gari lilifanya nini mwaka gani ni aliyeshika usukani na aliyeshika spana, na hao wanazeeka haraka kuliko chuma.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba lisikatwe, na pia lisipakwe rangi mpya. Lisogezwe kwenye kona ya kiwanja chini ya bati ili vyumba vijengwe, maana watoto hawawezi kulala ndani ya historia ya baba yao. Injini ya asili irudishwe karibu na mwili wake, hata kama haitawashwa. Akipatikana mnunuzi, wa Kinshasa, wa Nairobi au wa popote, auziwe gari pamoja na simulizi lake, na bei ya simulizi ihesabiwe. Asipopatikana, shule au chuo kimoja mjini hapa kingeweza kulipokea bila hasara yoyote.

Na wewe unayesoma hili ukiwa Bunia, Aru, Mahagi au Mongbwalu, na unajua mahali liliposimama gari la namna hiyo, fanya mambo matatu kabla ya mvua za msimu ujao. Funua kapo, safisha kibati kwa kitambaa kikavu, uandike namba yote bila kuruka tarakimu. Muulize fundi injini ya kwanza ilikwenda wapi. Kisha mtafute aliyekuwa shofa, mketishe, uwashe kinasa sauti cha simu yako, na umwache aseme mpaka atakapochoka mwenyewe.